Kangensai hufuata bamvua

Habari moja ya gazetini imesema tarehe ya Kangensai, maandamano ya mashua ya hekalu la Itsukushima huko Japani, "hubadilika kila mwaka", ikaishia hapo. Sababu ni maji. Sherehe hufanyika siku ya 17 ya mwezi wa 6 kwa kalenda ya zamani ya mwezi, siku chache baada ya mwezi mpevu, na mtu wa pwani anajua hiyo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Alasiri maji yamekupwa, machela takatifu, inayobeba miungu ya hekalu, hubebwa juu ya mchanga hadi chomboni. Usiku yamejaa, chombo huingia hadi ndani ya hekalu. Ukiiweka sherehe siku ya maji mafu, yasiyojaa sana, chombo kitakwama nje.

Chombo chenyewe ni mashua 3 zilizofungwa ubavu kwa ubavu, ili jukwaa liwe pana na lisiyumbe wakati wanamuziki wanapopiga filimbi, zumari, ala za nyuzi na ngoma. Lakini upana huo hukifanya kizito kugeuza na dhaifu mbele ya upepo. Mwaka 1701 dhoruba ilikaribia kukizamisha, mashua za vijiji vya Aga na Eba zikakiokoa. Hadi leo watu wa huko ndio wanaokivuta kwa makasia.

Pagumu zaidi ni mwisho, kwenye hekalu dogo la Marodo. Hapo chombo huzungushwa mara 3 katika kiwanja cha maji kilichozungukwa na veranda za mbao. Kwa kweli, picha ya hapo ndiyo ingestahili kuwekwa juu ya habari ile.