Shemeji, Spana na Kegi ya Bia

Bia unayoipika mwenyewe nyumbani ikikubali, sifa zote zinakwenda kwa hamira. Ikigoma, kila aliye karibu anageuka fundi. Mtu ambaye hajawahi hata kuloweka kimea atainama, ataiangalia kegi kwa jicho moja, ataigonga ubavuni kwa kidole, kisha atasema "mhm". Hiyo "mhm" ndiyo ya kuogopa. Wa kwangu ni kaka wa mke wangu, na "mhm" yake huja na kisanduku cha spana.

Kwa wasioijua kegi: ni chombo cha chuma kisichoshika kutu, chembamba na kirefu, cha lita 19, kilichotengenezwa kwa ajili ya soda kabla hakijaangukia mikononi mwetu sisi wapika bia wa jikoni. Juu kina mfuniko wenye umbo la yai na vichwa viwili vya kufungwa kwa nati. Kimoja kinaingiza gesi, ileile ya kwenye soda, kingine kinatoa bia kupitia mrija unaoshuka mpaka chini kabisa. Ndani ya kila kichwa kuna kivalvu kidogo chenye springi, hakizidi ncha ya kidole. Na kwenye mfuniko kuna pete: ukiivuta, presha yote inatoka kwa mluzi. Ikumbuke hiyo pete. Shemeji hakuikumbuka.

Nyumbani kwetu kegi iliingia baada ya chupa kupigwa marufuku. Bia ya chupa unaitilia sukari kidogo, gramu 6 hadi 8 kwa lita, ili hamira iliyobaki iile na kutoa gesi. Lakini kama bia ilikuwa haijamaliza kuchacha, hamira inakula sukari yako, inamalizia na ya kwake, na chupa haina pa kupumulia. Zile zangu zilikuwa zinapasuka stoo usiku, kwa zamu. Mama watoto aliamka akaniambia kuna mtu anaturushia mawe. Nikamwambia ni panya. Akauliza ni panya wa aina gani huyo mwenye nyundo. Basi nikanunua kegi, chombo salama, kisichopasuka.

Siku ya tukio tulikuwa na wageni kutoka ukweni, akiwemo Mama mwenyewe, yaani mama mkwe wangu. Nilikuwa nimemwandalia bia ya ngano, na siku za mwisho za kuchacha niliongeza maua ya hopsi kwa ajili ya harufu. Friji ndogo ya bia niliivutia sebuleni, kegi ndani, mtungi wa gesi pembeni, koki mlangoni. Hapo nilijiona bwana harusi kwa mara ya pili.

Nikafungua koki. Likaja povu.

Si povu la kupambia glasi. Ni povu tupu, kuanzia chini mpaka juu, jeupe, limesimama. Nikajaza glasi ya pili: povu. Nikajaza jagi: povu, na chini kabisa kijito chembamba cha bia kinachojifikiria.

Povu lina sababu zake, na mimi nazijua. Ya kwanza ni joto: bia ya baridi hushika gesi, ya moto huiachia. Nikatumbukiza kipimajoto kwenye jagi: nyuzi 4. Sawa. Ya pili ni presha: geji ya regyuleta, kile kidhibiti presha cha kwenye mtungi, inasoma PSI 12, na kwa ubaridi ule kila lita ya bia inabeba kama lita mbili na nusu za gesi, ndiyo inavyotakiwa. Ya tatu ni mpira: ukiwa mfupi, bia inafika kwenye koki ikiwa bado na hasira zote. Wangu una mita 3, mwembamba wa milimita 5, kazi yake ni kuipunguza kasi njiani. Sawa tena. Nikauchunguza ule mpira kwenye mwanga, na hapo nikaona kitu. Viputo havikuanzia kwenye koki wala katikati. Vilianzia palepale bia inapotoka kwenye kegi. Kuna kitu kimeziba njia kwenye kichwa cha kutolea, bia inajipenyeza pembeni yake, na ikijipenyeza inavurugika na kuachia gesi. Nikawa nina hakika ni kipande cha hopsi.

Dawa yake ni nyepesi. Unafunga gesi, unavuta pete, presha inaisha, unafungua kichwa, unasafisha, unarudisha. Nikawa natafuta beseni.

"Mhm," nikasikia nyuma yangu.

"Shemeji, usijali, nimeshajua tatizo," nikamwambia.

"Tatizo gesi haina nguvu, Shemeji. Hebu sogea."

Akazungusha regyuleta mpaka PSI 30. Povu likaacha kutiririka likaanza kuruka; lilifika kwenye kochi la pili, alikokaa baba mdogo, ambaye alisogeza miguu bila kusema neno. Sasa, kuna Mwingereza anaitwa William Henry, tangu mwaka 1803 alishaeleza kwamba kadiri presha inavyopanda ndivyo gesi inavyozidi kuyeyuka kwenye kimiminika. Habari hizo zilikuwa hazijamfikia shemeji. Nikajaribu kumfikishia. Akanisikiliza kwa heshima zote, akatikisa kichwa, akasema, "Basi haijachanganyika," akaikumbatia kegi na kuitikisa.

Kama kuna njia ya haraka ya kuingiza gesi kwenye bia, ni hiyo. Watu huifanya kwa makusudi, wakiwa na bia isiyo na gesi na subira isiyotosha. Ile yangu gesi ilikuwa nayo tayari. Alivyokuwa anaitikisa nilisikia mtungi ukinong'ona, gesi inaingia, inaingia, bia yangu inaelekea lita 4 kwa lita.

"Kijana," Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "hicho kitu ni cha mwenyewe."

"Mama, namsaidia."

Mke wangu akaniangalia. Nami nikamwangalia. Ni kaka yake, mkubwa, na mimi ni mkwe katika nyumba hiyo. Kuna maneno ambayo mdomo wangu hauna ruhusa nayo.

Alipoona povu limezidi, shemeji akafikia uamuzi kwamba gesi sasa ni nyingi mno, akairudisha regyuleta mpaka PSI 5. Hebu fikiri: ndani ya kegi 30, nje 5, na hakuna valvu ya kuzuia kurudi nyuma. Kegi iliyojaa mpaka shingoni na kutikiswa haiwezi kukubali hali hiyo. Bia ikashika njia ya gesi. Mpira wa gesi, ambao maisha yake yote ulikuwa mtupu na msafi, ukageuka rangi ya dhahabu kutoka kwenye kegi kuelekea kwenye regyuleta. Shemeji alifurahi sana.

"Umeona? Inatoka!"

"Inatoka huku, Shemeji! Huku si kwa kutokea!"

Nikaruka, nikachomoa kiunganishi cha gesi, nikafunga mtungi. Ndani ya kioo cha geji kulikuwa na tone la bia limekaa chini ya mshale, limetulia kama mpangaji. Geji ile ilikuwa mpya.

Shemeji akapiga magoti. Akagonga kichwa cha kutolea bia, akaweka sikio, akasema: "Hapa pameziba."

Nimpe haki yake. Hapo alipatia. Kwa njia ndefu, akipitia kwenye kochi la baba mdogo, alikuwa amefika mahali nilipokuwa nimefika kabla hajaingia. Nikafarijika hata nikamwambia, "Sawasawa, Shemeji, hapohapo. Subiri nilete beseni na brashi, tutoe presha kwanza."

Nilikwenda jikoni. Beseni lilikuwa limekaliwa na vyombo, nikavitoa. Nikiwa huko nilisikia mlio wa spana ya mdomo ikiuma nati, halafu mlio wa nati ikizunguka, halafu sauti ya shemeji akimwambia mtu, "Hivi vitu ukiviogopa vinakuzoea."

Kilichofuata nilikisikia kabla sijakiona. Kichwa kile kinashikwa na nyuzi chache tu, na uzi wa mwisho ulipoachia, PSI 30 zilitoka zikiwa zimejipanga. Nilipofika mlangoni, nguzo ya bia ya ngano ilikuwa imesimama kutoka kwenye kegi mpaka dari. Ilikuwa imenyooka vizuri sana, sijawahi kuona bia yangu ikitoka kwa mpangilio namna ile. Ikifika juu ilikuwa inafunguka kama mwavuli na kurudi chini kwa wageni wote bila ubaguzi. Mrija mrefu wa chuma ulikuwa umetoka nusu, unacheza. Shemeji alikuwa amejaribu kuziba tundu kwa kiganja, kwa hiyo nguzo ikawa feni: bia ikaenda ukutani, kwenye pazia, na kwenye picha ya harusi yetu, upande wangu.

"Pete!" nikapiga kelele. "Vuta pete!"

Shemeji akavuta pete ya ndoa yake.

Naapa. Aliivua, akaishika, akaniangalia anisubiri nimwambie cha kufanya. Nikapita chini ya mvua ile, nikaivuta pete ya kwenye mfuniko, presha ikatoka kwa mluzi mrefu, na ile nguzo ikashuka polepole mpaka ikazama ndani ya kegi.

Kimya. Dari inadondosha. Baba mdogo akajilamba mdomo wa juu akasema, "Siyo mbaya."

Tukaanza kutafuta vipuri. Nati ya kichwa ilipatikana ndani ya kiatu. Kwenye shingo ya mrija nilikuta mhalifu mwenyewe, kijani, kipande cha ua la hopsi kidogo kuliko ukucha. Kivalvu chenye springi hakikuonekana. Tukainua makochi, tukakung'uta mikeka, watoto wakatambaa chini ya meza kwa ahadi ya zawadi. Hakuna.

Na bila kivalvu hicho huchoti bia, hata ukifunga kichwa vizuri na kubana kiunganishi. Kiunganishi nacho kina pini yake ndani. Vinapokutana, kivalvu kinasukuma pini na pini inasukuma kivalvu, wote wawili wanafunguka. Mmoja asipokuwepo, mwingine anabaki amefunga mlango akimsubiri. Nilikuwa na kegi nyingine stoo, nikakitoa cha kwake nikakijaribu. Hakikuingia. Watengenezaji wa kegi hawakuwahi kukaa kikao kimoja, kila mmoja ana kipimo chake, na hilo hulijui mpaka siku unapolihitaji. Shemeji akasema tukikigonga kidogo kitaingia. Mke wangu akasema neno moja, jina lake la utotoni, na shemeji akaiweka nyundo chini.

Mama alikuwa amejifuta uso na upande wa kanga. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho chombo kina mfuniko?"

"Kina, Mama."

"Unafunguka?"

Nikasimama. Presha imekwisha, mfuniko unafunguka, ndani kuna bia zaidi ya nusu kegi, ya baridi, yenye gesi ya kutosha mtaa mzima. Nimesoma habari za mipira, presha na vipimo mpaka macho yakauma, na haikunijia.

"Unafunguka, Mama."

"Basi leta upawa."

Ukiinua komeo, mfuniko ule unaushusha ndani kidogo, unaugeuza, unautoa kwa ubavu. Tukachota kwa upawa. Nilichemsha maji nikauchovya kwanza, mazoea tu, maana bia iliyokuwa imeshaogesha ukoo mzima haikuwa tena na siri na bakteria yeyote. Povu lilikuwepo, lakini kwenye jagi lilitulia lenyewe, na chini yake kulikuwa na bia yenye ukungu wa ngano, ya dhahabu, nzuri. Mama alionja akauliza nani ameweka ndizi. Hakuna aliyeweka. Hamira ya bia ya ngano ndivyo ilivyo, ikichacha inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu kidogo. Mama hakuamini, lakini aliongezewa.

Tukala, tukanywa. Kwa kuwa tulijua bia iliyofunuliwa haikai, inapoteza gesi na hewa inaiharibu ladha, tuliona ni wajibu wetu kuimaliza. Hata shemeji alichangamka, akaanza kuwaeleza watoto jinsi alivyozibua.

Ilipofika saa tatu joto lilikuwa limezidi, na harufu ya bia kwenye mapazia imepanda. Mama akasema, "Hivi hiyo feni ya dari ni pambo?"

Baba mdogo ndiye aliyekuwa karibu na swichi.

Panga zile zilikuwa zimebeba bia mgongoni tangu jioni. Mzunguko wa kwanza ulimwaga matone, wa pili ukayatawanya, na kwenye wa tatu kitu kikaruka kutoka juu, kikagonga kabati, kikamgonga shemeji katikati ya paji la uso, kikaangukia kwenye sahani yake: tingi.

Akakiokota. Akakigeuza kwenye mwanga, springi, kivalvu, oringi yake, kizima kabisa.

"Springi imelegea," akasema. "Ndiyo maana."

Mama aliinuka kwenye kiti. Hakusema kitu. Akakichukua kile kisanduku cha spana kilichokuwa kando ya friji, akaingia nacho chumba cha wageni, na tukasikia ufunguo ukizunguka mara mbili.

Shemeji akanisogelea, akaangalia mlango ule kwanza.

"Usijali, Shemeji," akaninong'oneza. "Nina kingine kwenye gari."