Bila Sukari, Lakini Imejaa Asali

Siku hizi ukizunguka maduka ya vyakula vya lishe hapa Mbeya, au ukiingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajasiriamali, hukosi kukutana na pipi "zisizo na sukari". Nyingine zimetoka nje ya nchi, karatasi zake zinang'aa. Nyingine zimepikwa jikoni kwa mtu, Iyunga au Mafinga, zikafungwa kwenye vifuko vyenye stika: asilia asilimia 100, hazina sukari, zinafaa kwa wenye kisukari. Ukiuliza utamu umetoka wapi, unajibiwa bila kusitasita: asali. Wengine tende. Wengine sukari guru.

Nina ugomvi na stika hiyo. Asali ni sukari. Karibu asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni maji. Sukari guru ni juisi ya muwa iliyochemshwa mpaka ikaganda. Ni ndugu wa tumbo moja na sukari ya Kilombero, ila ile ya kiwandani imesafishwa zaidi. Tende kavu nazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Asali ya Chunya naipenda na nyumbani kwangu haikauki, lakini mtu mwenye kisukari akiambiwa hiyo pipi "haina sukari", atakula tano kwa amani, na mashine ya kupimia itamwambia ukweli ambao muuzaji hakumwambia. Hao wapishi wengi si matapeli. Wameshika imani iliyoenea mtaani kwamba kitu kikitoka shambani au mzingani hakiwezi kumdhuru mgonjwa.

Vibadala vya sukari vyenyewe vipo, na vingine kweli vimetokana na mimea. Maarufu zaidi ni stevia, mmea wa Paraguay ambao Waguarani waliutumia kutia utamu kwenye vinywaji vyao karne nyingi kabla ya viwanda. Utamu uliokamuliwa kwenye majani yake ni mara 200 hadi 300 ya sukari. Wajapani wanautumia viwandani tangu miaka ya 1970. Umoja wa Ulaya uliuruhusu mwaka 2011. Jirani zetu wa Kericho, Kenya, ambao ni watu wa chai kama walivyo wa Tukuyu, wamelima stevia kwa mkataba. Upo pia utamu wa tunda liitwalo luo han guo, kutoka kusini mwa China.

Sasa hapa ndipo pipi inapoleta kazi. Chai ukiitilia stevia, maji yapo, majani yapo, unaongeza utamu tu. Pipi ngumu haina kingine: ni sukari iliyochemshwa hadi nyuzi 150 hivi, maji yakaisha karibu yote, ikaachwa ipoe iwe kama kioo. (Mpishi wa Mbeya ashushe nyuzi tano au sita kwenye maelekezo aliyoyatoa mtandaoni. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ukisubiri 150 utapata rangi na uchungu.) Ukiondoa hiyo sukari ukaweka stevia kiasi cha ncha ya kisu, umebaki na utamu usio na mwili. Pipi yenyewe iko wapi?

Kwa hiyo mwili unatafutwa kwingine, na karibu kila mara unapatikana kwenye kundi la vitamu viitwavyo polioli, ndugu wa sukari wenye uzito na ujazo kama wake: isomalti, maltitoli, eritritoli, zilitoli. Pakiti inabandikwa picha ya jani la stevia, lakini unachomung'unya ni hizo. Na hizo zinatoka wapi? Isomalti hutengenezwa kutokana na sukari yenyewe, ya kiazisukari. Maltitoli ni wanga, mara nyingi wa mahindi, uliovunjwavunjwa na kupitishiwa gesi ya haidrojeni. Eritritoli hupatikana kwa kuchachusha glukosi kwa hamira za aina fulani. Zilitoli, ambayo Wafini waliitoa kwenye miti ya bechi, leo kwa kiasi kikubwa inatengenezwa kwa magunzi ya mahindi. Magunzi! Yale tunayowashia moto Uyole na Mbozi. Sasa gunzi likishapita kwenye asidi, mitambo ya haidrojeni na uchujaji, likatoka unga mweupe, bado ni "asilia"? Mimi sioni aibu yoyote kwenye kiwanda, dawa zangu zinatoka huko huko. Ninachosema ni kwamba neno hilo halikuelezi chochote kuhusu kitakachotokea mwilini mwako. Hata jani la stevia lenyewe, likiwa bichi au limekaushwa tu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani hailikubali kama kiungo cha utamu. Inachokikubali ni utamu uliosafishwa.

Kinachoeleza ni jina la kibadala na gramu zake, nyuma ya pakiti, kwa maandishi madogo. Sukari ina kalori 4 kwa gramu. Maltitoli ina 2 na kidogo, nayo inapandisha sukari ya damu, ingawa polepole. Zilitoli nayo ina 2 na kidogo. Eritritoli karibu haina kitu. Mtu mwenye kisukari akinunua pakiti ya maltitoli akadhani ni sawa na ya eritritoli, kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna suala la tumbo, ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Polioli nyingi hazinyonywi vizuri na utumbo mwembamba. Zinashuka chini zikiwa na maji yake, bakteria wanazishangilia, na wewe unatafuta choo. Ulaya bidhaa yenye zaidi ya asilimia 10 ya polioli inalazimika kuandika onyo kwamba ukizidisha utaharisha. Eritritoli ina unafuu hapo, lakini mwaka 2023 watafiti wa Marekani waliihusisha na matatizo ya moyo. Ni uhusiano tu, haujathibitisha kisababishi, ila unanitosha kutozifanya mlo. Na kama una mbwa nyumbani, zilitoli iweke juu kabisa. Inaweza kumuua.

Sifa ambayo nazipa bila kinyongo ni ya meno. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi inayotoboa jino, na zilitoli hawawezi kuitumia. Utafiti uliofanyika Turku, Finland, miaka ya 1970 ndio uliofungua macho ya watu, na jojo za zilitoli zikaingia sokoni huko mwaka 1975. Mtoto asiyeweza kuishi bila pipi, afadhali hiyo. Ila zile za ladha ya ndimu na chungwa huwa na asidi ya kutiwa, na hiyo inalika gamba la jino hata sukari isipokuwepo.

Kwa kupunguza mwili, sizipi nafasi. Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2023 lilishauri watu wasitegemee vitamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, kwa kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari, wala haukugusa polioli.

Na kwa hao wenye kisukari kuna jambo ambalo kila ninapoona stika ya "zinafaa kwa wenye kisukari" natamani lingeandikwa chini yake. Anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge, sukari yake inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, njaa kali, maneno kuparaganyika. Ikishuka chini ya milimoli 4 kwa lita anahitaji gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka, kisha apime tena baada ya dakika 15. Hapo pipi ya stevia haina msaada wowote. Zinahitajika pipi tatu au nne za kawaida, azitafune, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Akiwa amepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Mama yangu mkubwa anakaa Tukuyu na anachoma insulini. Pipi zisizo na sukari anazo, nampelekea mimi mwenyewe, anazifurahia baada ya chakula. Lakini akipanda basi la Dar, nikijua foleni za Kitonga zilivyo, namsisitiza mkobani abebe zile za shilingi mia za dukani kwa Mangi, na jirani wa kiti amwonyeshe zilipo kabla basi halijafika Igawa.