Si kila kazi ipelekwe chinichini

Msanidi programu anayeacha hesabu fulani kwenye uzi mkuu (njia kuu ambayo programu hutekelezea kazi moja baada ya nyingine) huonekana mvivu, kana kwamba kila kazi ikihamishiwa chinichini, kwenye nyuzi nyingine, ndipo kiolesura kitakuwa chepesi. Naona anaonewa.

Kwa mtandao na faili kubwa, kweli hakuna mjadala. Uzi mkuu ndio unaochora skrini na kupokea miguso. Ukisubiri seva, programu inaganda. Programu zilizolenga Android 3.0 ya mwaka 2011 na matoleo yaliyofuata huangushwa papo hapo zikiita mtandao kwenye uzi huo, na mguso usiojibiwa kwa sekunde 5 huhesabiwa kuwa programu imekwama.

Ila ile namba inayotajwa na kila mtu, milisekunde 16, husomwa vibaya. Skrini inayochorwa upya mara 60 kwa sekunde huipa kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, muda huo na ushei. Kwa mara 120, ni milisekunde 8 na ushei. Watu huiona kama tishio. Mimi naiona kama bajeti, hata baada ya kutoa sehemu ya kupanga na kuchora skrini yenyewe. Kupanga majina mia moja kwa alfabeti au kukagua kama fomu imejaa ni kazi ndogo mno kwa prosesa ya leo. Hakuna fremu inayopotea hapo.

Kuzihamisha kuna gharama. Matokeo lazima yarudi uzi mkuu ndipo maandishi ya skrini yabadilishwe, na yakirudi huenda mtumiaji ameshaondoka. Akiandika herufi mbili haraka kwenye kisanduku cha kutafutia, jibu la herufi ya kwanza laweza kuchelewa likafika mwisho, likafuta lile sahihi. Hitilafu hiyo hujificha kwenye majaribio, halafu humtokea mtumiaji. AsyncTask, zana ya zamani ya Android ya kuendesha kazi chinichini, iliwatesa wengi hivyohivyo: simu ikigeuzwa, skrini ya zamani ilibaki imeshikiliwa kwenye kumbukumbu. Android 11, mwaka 2020, ikaitangaza kuwa imepitwa na wakati. Korutini (kazi zinazoweza kusitishwa na kuendelea baadaye) za lugha ya programu ya Kotlin zimerahisisha kufuta kazi, lakini bado ni juu yako kuifuta ile ya awali.

Wanaopinga wananikumbusha kwamba simu dhaifu huchukua muda mrefu zaidi, na majina mia ya leo yatakuwa elfu kumi. Ni kweli, ndiyo maana kipimo kifanywe kwenye simu dhaifu, kwa data nyingi, kabla ya kuhamisha chochote.