Kura 377 za Glasgow

Nilipowaambia wenzangu kijiweni kwamba nimelipa dola hamsini na ushei ili nipige kura ya tuzo ya vitabu, walinicheka mpaka kahawa ikapoa. Kura unalipia? Tena ya Uskoti huko?

Tuzo yenyewe ni Hugo. Imekuwapo tangu 1953, na hutolewa Worldcon, mkutano wa mashabiki wa hadithi za kisayansi ulioanza New York mwaka 1939. Hakuna jopo la maprofesa. Ukilipia uanachama unapendekeza na unapiga kura hata usipotia mguu ukumbini, na mshindi huondoka na sanamu ya roketi inayong'aa. Mimi nilipiga kwa simu, kitandani, nikiwapanga wateule kwa namba. Wa tatu na wa nne nikawa nawabadilisha kila nikiamka. Mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule wa "Hakuna Tuzo". Ukiona walioletwa hawafai, unauweka juu yao. Mwaka 2015 kuna watu walipanga safu zao wakajaza uteuzi, na wapiga kura wakakubali vipengele vitano vizima vikose mshindi kuliko kuwapa wao.

Basi Julai 2024, kura zimeshafungwa, waandaaji wa Worldcon ya mwaka huo, iliyokuwa Glasgow, Uskoti, wakatangaza kuwa wamefuta kura 377, kama moja katika kila kumi. Walisema waligundua kundi la wapiga kura wenye majina ya ukoo yaleyale, ila herufi ya kwanza imebadilishwa kwa kufuata alfabeti. Wengine majina yao yalikuwa tafsiri ya namba zinazofuatana. Jamani! Hata anayeandikisha marehemu kwenye daftari la wapiga kura hujitahidi zaidi ya hapo. Kura hizo zingempa ushindi mteule mmoja, ambaye hawakumtaja, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba alijua lolote.

"Si tulikwambia?" wakasema kijiweni. "Cha kulipia ni cha mwenye hela."

Nakubali nusu. Kwa mshahara wa kwetu dola hamsini si hela ya kuchezea, na ndiyo maana sauti zetu pale ni za kuhesabu kwa vidole. Lakini mwaka uliotangulia, Worldcon ilipokuwa Chengdu, China, uozo ulianzia kwa wasimamizi wenyewe. Riwaya ya mwandishi R.F. Kuang ilikuwa na mapendekezo ya kutosha, ikaandikwa tu kuwa haistahili, bila sababu. Takwimu za kura na mapendekezo zilitoka Januari 2024, miezi mitatu baada ya sherehe, na Februari barua pepe zilizovuja zikaonyesha wasimamizi kutoka Amerika Kaskazini wakiwapekua waandishi kwa mambo ya siasa. Nikipewa nichague, nauchukua wizi wa Glasgow uliogunduliwa na kutangazwa mchana kweupe, kuliko ukimya ule.

Worldcon haijawahi kufanyika Afrika. Kuna kampeni ya kuileta Kigali mwaka 2028, na wapo wanaouliza kama watu watazungumza kwa uhuru huko. Waulize, ni haki yao. Mimi nimeshaanza kuulizia nauli ya basi, na mmoja wa wale waliocheka ameniomba nimwonyeshe hiyo karatasi ya kura inafananaje.