Tishari la Mwezini Litavutwa na Nani?

Ukingoja feri Likoni asubuhi, huenda ukaiona meli ya makontena ikiingia Kilindini, tagi mbili, zile boti za kuvuta meli, zimeibana ubavuni. Imevuka bahari kwa injini yake, lakini hatua chache za kuligusa gati inasaidiwa. Ubishi wa roketi za kujengea Gateway, kituo ambacho NASA na washirika wake walikipanga kizunguke karibu na Mwezi, mimi nauona papo hapo: vipande vyake vibebwe na SLS, au na Falcon Heavy ya kampuni binafsi ya SpaceX?

Wanaoitetea SLS, roketi ya serikali ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza Novemba 2022, wana hoja nzito. Toleo lake kubwa lilipangwa kupeleka tani 38 hivi kuelekea Mwezini: chombo cha Orion chenye wanaanga na, chini yake, chumba cha kituo cha tani kama 10. Chumba hicho ni tishari tu. Hakihitaji injini yake, kwani Orion ndiyo tagi, tena ina watu ndani mambo yakigoma.

Bei ndiyo inayotisha. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria safari moja ya mwanzo ya SLS pamoja na Orion kuwa dola bilioni 4.1. Mkataba wa 2021 wa kurusha vipande viwili vya kwanza kwa Falcon Heavy ulikuwa kama dola milioni 332. Hata hivyo, kwangu bei si hoja kuu. Hoja kuu ni foleni: chumba kikifungwa chini ya Orion, wanaanga wakichelewa nacho kinachelewa, na SLS si matatu ya kusema utapanda inayofuata.

Basi mimi ni wa Falcon Heavy. Lakini kuna mizani. Vipande hivyo viwili, PPE yenye mitambo ya umeme na HALO ya kuishi watu, awali vingeruka mbalimbali. Mwaka 2020 ikaamuliwa viunganishwe huku chini, kupunguza gharama na hatari ya kukutanishwa kule mbali. Kufikia 2024 wakaguzi wa serikali ya Marekani wakaripoti kwamba uzito umepita lengo. Dereva wa lori aliyewahi kuzuiwa kwenye mizani ya Mariakani anajua hapo ni kupunguza mzigo tu. Na safari yenyewe ingechukua karibu mwaka, maana injini za umeme hubana mafuta lakini msukumo wake ni mdogo mno.

Kinachonikosesha raha upande wangu ni chumba kinachofuata, I-Hab ya Ulaya. Hicho kiliundwa kikitegemea kusukumwa na Orion. Ukikihamishia roketi ya biashara, lazima mtu akiundie tagi, na tagi hiyo haimo kwenye zile milioni 332.