Hasara ya mkutano hulipwa na ambaye hakuja

Kila msimu wa mikutano ya kanda ya vyama vya kitaaluma huku Nyanda za Juu Kusini, lawama humwangukia mweka hazina. Kosa lake ni kusema ada ya ushiriki ilipwe wiki mbili kabla, na asiyelipa asihesabiwe. Wanachama wanamwona hana utu: ada ya mwaka tumeshatoa, sasa hii ya nini tena?

Hoja yao si ya kupuuza. Mwajiriwa wa halmashauri au benki hulipiwa na mwajiri, na posho juu. Kijana aliyejiajiri Songea anapita Njombe na Makambako mpaka Mbeya kwa nauli yake, analala gesti kwa fedha yake, na kazi zake zimesimama. Ukimtwisha na ada atabaki nyumbani, na chama kitakuwa cha waajiriwa peke yao.

Lakini tupige hesabu. Tuseme ukumbi, vipaza sauti, makabrasha na mtoa mada ni sh 2,000,000, hata wakija watu kumi. Chai mbili na chakula cha mchana ni sh 35,000 kwa kichwa. Anayelipa 60,000 anaacha 25,000 za kufidia zile milioni mbili, kwa hiyo wanahitajika watu 80 ndipo chama kirudishe gharama. Kwenye kundi la WhatsApp watu 100 wameandika "nipo". Hoteli inapewa idadi hiyo na inapika. Wanakuja 60. Bili ni 5,500,000, makusanyo 3,600,000. Na proforma, yaani makadirio ya bei ambayo hoteli ilitoa mwanzo, kama kawaida, iliandikwa bila VAT: asilimia 18 ya chakula pekee ni 630,000. Pengo sasa ni 2,530,000.

Linazibwa na mfuko wa ada za mwaka. Kama ada hiyo ni 50,000, michango ya wanachama zaidi ya 50 imeishia hapo. Mwenzetu wa Ludewa au Kyela ambaye hakula wala kusikia mada amenunua sahani 40 zilizobaki mezani. Huyo hajui hata kwamba ametozwa, na ndiye mweka hazina anayemlinda anapong'ang'ania malipo ya mapema. Sioni ukatili hapo.

Wengine wanasema tutafute wafadhili. Watafutwe, ila mfadhili akijitoa siku tatu kabla, hoteli bado inadai. Fedha yake ingefaa kwa vijana waliojiajiri: 20 wakilipa 40,000 badala ya 60,000, pengo ni 400,000 tu, na linajulikana tangu bajeti inapopitishwa. Hata kulipa kidogo kidogo kwa simu kuruhusiwe, mradi fedha ikamilike kabla hoteli haijapewa idadi.

Mgumu ni yule ambaye mwajiri wake hulipa mwezi mzima baada ya mkutano. Huyo alete barua ya mwajiri ya kukubali deni, chama kimwandikie ankara. Asiye na barua wala risiti, sahani yake isiagizwe.