Gilmore amepewa mstari mmoja tu!
Asante kwa makala yenu, ila Kamanda Howard Gilmore, mwanamaji wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, mmempa humo mstari mmoja tu, na hapo mmemdhulumu. Usiku wa Februari 7, 1943, nyambizi yake, Growler, iligonga meli ya Wajapani, kisha ikamiminiwa risasi za bombomu kwa karibu sana. Wenzake waliosalia hai wakateremka ndani. Yeye, damu zikimtoka, kabaki juu kang'ang'ania ukingo. Naibu wake, Arnold Schade, alikuwa chini akimsubiri, akasikia amri ya Gilmore: zamisheni nyambizi! Hebu fikirieni kufunga kile kifuniko na mkubwa wako yuko nje. Schade alitii, na pua ya nyambizi ikiwa imepinda vibaya akaifikisha Brisbane, Australia. Huyo naye hamkumtaja kabisa, jamani.